Kitanda cha Dereva Ndicho Kipimo cha Lori

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maneno haya nimeyasikia tangu utotoni Mombasa, na mara nyingi nimeyatumia kuwakanya wenzangu wasiseme juu ya mambo wasiyoyajua. Sikudhani hata siku moja kwamba yatakuja kunirudia mwenyewe, tena katika jambo la malori.

Mambo yalianza hivi. Dada yangu alinijia asubuhi moja uso umemjaa mashaka. Kijana wake, yaani mpwa wangu, ni dereva wa trela kwa miaka saba sasa, na matajiri wawili wa malori walikuwa wakimtaka kwa wakati mmoja. Wa kwanza alimwahidi Mercedes Actros, gari kubwa la paa la juu, lenye vitanda viwili nyuma ya viti. Wa pili alikuwa na Scania ya zamani kidogo, ya paa la chini, kitanda kimoja tu. "Wewe ndiwe mjomba wake," dada aliniambia. "Mwambie ashike lipi."

Nami, kwa kuwa hapana mtu wa Mombasa asiyejiona mjuzi wa malori, nilijibu papo hapo: ashike Mercedes. Jioni nikalipeleka jambo hili barazani. Loo! Watu waligawanyika kama mashabiki wa Gor na Ingwe. Huyu asema Scania haikati pumzi mlimani, yule asema Volvo haili mafuta, wa tatu aapa kwamba MAN ndiyo baba yao. Tulitaja nguvu za farasi, tukataja gia, tukataja lita za dizeli. Kahawa ikaisha na tende zikaisha.

Mpwa wangu alikuwa ameketi pembeni kwa adabu, akisikiliza. Alipoombwa neno alisema: "Mjomba, nyote mmesema vizuri. Lakini yuko hata mmoja wenu aliyewahi kulala ndani ya gari hilo?"

Baraza zima likanyamaza. Basi nikaona haya, nikafunga safari.

MLOLONGO

Msomaji wa Pwani huenda amepita Mlolongo mara nyingi, akisinzia ndani ya basi la usiku, asijue amepita wapi. Mji huu umo katika Kaunti ya Machakos, ukingoni mwa uwanda wa Athi, karibu kabisa na mlango wa Nairobi. Jina lake lajieleza lenyewe. Malori yalipangana hapa yakingojea mizani, yakafanya mlolongo, na mlolongo ukawa mji. Ni mji uliozaliwa na dereva anayengoja. Ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022 kwenda Westlands inaanzia hapa hapa, na wenye magari madogo hupanda wakaenda zao. Mwenye trela angali akingoja.

Nilifika mwezi wa Julai. Mahali hapa ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa uwandani hauna huruma kwa mtu aliyezoea joto la Mji wa Kale. Nilimkuta mpwa wangu akingoja zamu ya kuteremsha shehena upande wa Athi River, kazi ya mwisho kwa tajiri aliyekuwa akimwacha. Kungoja kwenyewe kulichukua siku tatu. Madereva ni watu wakarimu, hasa wanapoona mzee. Usiku wa kwanza nililala katika gari la mpwa wangu, wa pili katika Actros ya rafiki yake, na wa tatu katika Scania ya mtu wa Jomvu tuliyejuana papo hapo kwa kuulizana koo. Usiku tatu, vitanda vitatu. Hapo ndipo nilipojifunza niliyokuwa siyajui.

Si jambo geni kwa watu wa Pwani kulala Ukambani. Katika karne ya kumi na tisa njia hii ilikuwa na misafara. Wakamba waliteremka na pembe za ndovu hadi pwani, na mfanyabiashara wao mashuhuri, Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, alikuwa akijulikana na watu wa Mombasa kabla ya yule mmisionari Krapf kumtembelea kwake mwaka 1849. Misafara ile ilikuwa na kambi. Mzigo ulituliwa, moto ukawashwa, watu wakalala. Baharini nako kulikuwa na taratibu yake. Jahazi lina nahodha, lina sarahangi, lina mabaharia, nao hushika sukani kwa zamu. Mmoja akilala mwenzake yu macho. Lakini lori la leo lina usukani mmoja na dereva mmoja. Hakuna wa kumpokea. Akifumba macho yeye, chombo kizima kimefumba macho.

SHERIA MBILI

Turudi kwenye mabishano ya barazani. Sikatai kwamba injini ni muhimu. Lakini tazameni sheria mbili zinazolitawala lori lolote katika njia hii, nanyi mtaona kwamba nguvu za farasi si jambo la kubishaniwa usiku kucha.

Sheria ya kwanza ni ya uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Mizani ya Mariakani, ya Athi River, ya Gilgil na ya Webuye haziulizi gari ni la kabila gani. Kwa hiyo mwenye injini kubwa na mwenye injini ya kadiri hupita mahali pamoja na uzito ule ule.

Sheria ya pili ni ya saa. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yanasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 kwa jumla katika muda wa saa 24. Sasa tupige hesabu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480. Trela lililosheheni, likipanda kutoka usawa wa bahari, likipunguza mwendo kila mji, likifanya wastani wa kilomita 45 kwa saa, litatumia zaidi ya saa 10. Saa zake 8 za halali zikimalizika, bado yu karibu na Emali. Na huyo ni wa Nairobi. Aendaye Kampala ana zaidi ya kilomita 1,100 tangu bandarini.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kulala njiani si uvivu wala anasa. Ni sehemu ya kazi, na sheria yenyewe imeamuru. Basi kifaa cha kulalia nacho ni chombo cha kazi, kama breki na kama taa. Ndiyo maana nasema lori la masafa marefu lipimwe kwanza kwa kitanda.

SAKAFU

Gari la usiku wa kwanza sitalitaja jina, maana kosa huenda si la waliolitengeneza bali la waliolitumia vibaya. Kitanda chake kilikuwa ubao mwembamba nyuma ya viti, godoro limekwisha kama chapati ya jana. Nikinyoosha miguu kichwa chagonga ukuta, nikikunja miguu magoti yagonga kiti. Pazia halikuwepo, na taa za kila gari lipitalo zilinimulika usoni. Nyumbani kwetu kilikuwako kitanda cha kamba kiitwacho teremka tukaze, kwa kuwa kila mara kamba zikilegea hubidi mwenye kulala ashuke zikazwe. Wallahi, usiku ule nilikitamani. Na mpwa wangu je? Alininyima jibu nilipomwuliza atalala wapi. Asubuhi ndipo nilipojua kwamba yeye na taniboi wake walitandika turubai chini ya trela.

Usiku wa pili nilipanda Actros. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana jambo la sakafu ndilo lililonifumbua macho. Malori ya Ulaya hayana pua. Dereva hukaa juu ya injini. Kwa kuwa injini iko chini yake, aghalabu huwa na nundu katikati ya sakafu, kati ya kiti cha dereva na cha mwenzake. Nundu hiyo ndiyo adui wa mwenye kulala na mwenye kusimama. Watengenezaji wameshindana nayo kwa miaka mingi. Volvo walitoa kebini waliyoiita Globetrotter mwaka 1979, wakaliinua paa ili dereva aweze kusimama. Renault mwaka 1990 wakatoa Magnum, ambayo kebini yake iliinuliwa juu kabisa ya injini na sakafu ikawa bapa. Mercedes walipoleta Actros mwaka 1996 waliiwekea nayo kebini moja ya sakafu bapa, wakaipa jina la MegaSpace. Scania walikawia hadi mwaka 2016 walipotoa aina ya S. Kabla ya hapo hata R yao, ambayo madereva wanaipenda sana, ilikuwa na nundu ndogo. DAF nao walitoa Super Space Cab, na MAN wana kebini zao za paa la juu.

Actros niliyolala ilikuwa hiyo ya sakafu bapa. Nilisimama wima, kofia kichwani, isiguse paa. Kitanda cha chini kilinitosha kuanzia utosi hadi wayo. Cha juu kilikuwa cha taniboi, naye alilala fofofo kama mwana wa mfalme. Mapazia mazito, kabati la nguo, mahali pa kuweka birika. Nikajisemea: kumbe sikukosea nilipomwambia dada yangu.

Lakini mwenye gari akanionya. "Mzee, usidanganywe na jina," alisema. "Actros ziko za kila namna. Iko ya paa la chini, iko yenye nundu, na iko iliyofanywa kwa safari za mchana, isiyo na kitanda kabisa." Na kweli, kesho yake alinionyesha kichwa kimoja cha trela, cha kampuni nyingine ya Ulaya, kilichotoka huko kikiwa kimekwisha tumika. Kilitengenezwa kwa dereva anayerudi nyumbani kwake kila jioni. Hapa kwetu kinakwenda mipakani, na dereva wake amepachika ubao juu ya viti viwili, ndio kitanda chake. Tajiri alipokinunua alitazama injini na bei. Nyuma ya viti hakutazama.

Hili ndilo funzo la kwanza ninalotaka msomaji alishike: usiulize gari ni la nani, uliza kebini ni ipi. Hata katika Isuzu za Japani, hata katika HOWO, FAW na Shacman za China ambazo sasa zimejaa njiani, hukumu haitoki kwenye jina la mbele. Panda, lala, nyoosha miguu, ndipo useme.

PUA NDEFU

Vijana wa Mlolongo wana picha za malori ya Kimarekani katika simu zao, na huyaangalia kama sisi zamani tulivyoangalia picha za sinema. Freightliner, Kenworth, Peterbilt: gari lina pua ndefu mbele, na nyuma ya dereva kuna chumba kizima, chenye kitanda kipana, friji na meza. Kebini za kulala za Freightliner Cascadia zafikia inchi 72 kwa urefu wa chumba, na za Kenworth T680 zafikia inchi 76. Hiyo ni karibu mita mbili nyuma ya viti.

Kwa nini Mmarekani apate chumba na Mzungu wa Ulaya apate kabati? Jawabu haliko katika ufundi, liko katika sheria. Ulaya hupima gari zima kutoka mbele hadi nyuma, na mwisho wa kichwa pamoja na trela lake la kawaida ni mita 16.5. Kwa miaka mingi kila sentimita ya pua na kitanda ilinyang'anywa kwenye mzigo. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1982, walikataza majimbo kuweka kikomo cha urefu wa gari zima la namna hiyo katika barabara kuu, wakaacha lipimwe trela peke yake. Tangu hapo mwenye gari akitaka kumjengea dereva wake chumba, mzigo haupungui. Ukipima trela peke yake dereva anapata nafasi; ukipima vyote pamoja dereva ndiye anayebanwa.

Tena Wamarekani wamekiandika kitanda chenyewe katika kanuni zao. Kitanda kilichofungwa katika lori baada ya Septemba 1975 kisipungue inchi 75 kwa urefu na inchi 24 kwa upana, yaani kama sentimita 190 kwa 61. Si kitanda cha arusi hicho, lakini ni kitanda kinachotambuliwa na sheria. Askari aweza kukipima.

Gari lile halitufai sisi kama lilivyo, kwa sababu usukani wake uko kushoto nasi twapita kushoto. Afrika Kusini wametumia Freightliner na International za usukani wa kulia, lakini njia yetu ya Mombasa imebaki ya malori ya Ulaya, Japani na sasa China. Basi gari lao tuwaachie. Kilichonivutia ni ile kanuni.

KIBLA

Yako mambo ambayo mtengenezaji wa Sweden au Ujerumani hakuyafikiria, nasi hatuna budi kuyafikiria wenyewe. Dereva Mwislamu ana swala tano. Ni msafiri, na safari yake imezidi marhala mbili, kwa hiyo ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya kama masheikh wetu wa Kishafi wanavyotufundisha. Lakini kupunguza rakaa si kuondoa swala, na mwenye uwezo wa kusimama haswali faradhi kwa kukaa.

Mlolongo una msikiti, alhamdulillahi, na adhana yake inasikika. Lakini alfajiri, giza, baridi, na wezi wa dizeli wakizunguka, dereva aliye peke yake huogopa kuliacha gari. Hapo ndipo sakafu bapa inapogeuka kuwa jambo la dini. Katika ile Actros nilisimama, nikarukuu, nikasujudu katika nafasi iliyo kati ya viti na kitanda. Ilikuwa finyu, lakini ilikuwa swala. Katika kebini yenye nundu haiwezekani. Hapo hubidi kushuka na kutandika mkeka penye changarawe. Maji ya udhu hukaa katika dumu lililofungwa ubavuni mwa trela, na mwezi wa Julai yana baridi ya kukata vidole.

Na kibla? Sisi wa Mombasa tumezoea kwamba kibla chetu ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa. Huku Machakos kinaelekea mashariki kidogo tu. Barabara ya Mlolongo yaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo lori lililotazama Nairobi lina kibla mbele upande wa kulia, pembeni mwa kioo cha dereva. Mtu wa Jomvu alinionyesha alama ndogo aliyoichora kwa rangi juu ya dirisha lake. "Nikiegesha hapa kama kawaida," alisema, "sina haja ya kuuliza mtu."

Gari lake lilikuwa Scania ya paa la chini, yenye nundu na kitanda kimoja, sawa na ile aliyoahidiwa mpwa wangu. Nilijiandaa kwa mateso. Sikuyaona. Godoro lilikuwa jipya, shuka safi, chandarua, pazia, blanketi zito. Nililala hadi alfajiri. Nilipomwuliza yeye alilala wapi akacheka: "Zamu yangu ilikuwa ya loji, mzee. Tajiri hutoa pesa ya loji kwa mmoja wetu kila usiku. Leo mimi, kesho taniboi." Nikauliza tena: na simu je, tajiri hakupigii usiku? Akasema: "Nikizima gari, amezima simu."

KITANDA SI NYUMBA

Maneno hayo yalinikaa moyoni, kwa sababu usiku uliotangulia, katika ile Actros nzuri, simu ya mwenyeji wangu ililia mara nne. Tajiri wake alikuwa anaona katika kioo chake huko aliko kwamba gari limesimama, naye alitaka kujua limesimamia nini. Mara ya mwisho ilikuwa saa tisa za usiku. Dereva alijibu kwa upole, akafunga simu, akakaa akitazama paa. Kitanda chake kilikuwa kizuri kupita vyote nilivyovilalia, na usingizi haukuwamo.

Basi hapa nafika kwenye jambo ninalotaka kulisema kwa sauti. Kitanda cha lori kimekuwa kisingizio. "Gari lina kitanda," asema tajiri, na kwa neno hilo pesa ya loji hukatwa, mlinzi wa usiku haajiriwi, na dereva anakuwa mlinzi wa mafuta na magurudumu baada ya kuwa dereva mchana kutwa. "Gari lina kitanda," na kwa neno hilo anageuzwa barabarani bila kupita kwake. Nawajua wake wa madereva huko Changamwe na Mikindani ambao waume zao hupita kilomita chache kutoka mlangoni, wakipakia na kuondoka, wiki baada ya wiki. Watu hutupia madereva maneno machafu juu ya mambo ya njiani, na baadhi yake ni kweli. Lakini ni nani aliyewafanya waume wa watu kuwa wakazi wa barabara? Msafiri kafiri, twasema kwa mzaha. Mzaha huo una machozi ndani yake.

Hata huko Ulaya vitanda hivi vinakotoka wameliona jambo hili. Mwaka 2017 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ilikata kwamba dereva haruhusiwi kuchukua pumziko lake refu la juma, la saa 45, ndani ya kebini. Na mwaka 2020 likaandikwa waziwazi katika sheria yao. Tazameni ajabu hiyo. Waliotengeneza kitanda bora kuliko vyote ndio wanaosema: hiki ni cha usiku wa njiani, si nyumba.

Sisemi matajiri wote ni wabaya, wala sisemi kazi yao ni rahisi. Wengi wao ni watu wetu, tunaswali nao safu moja. Mwaka 2019 serikali ilipoagiza shehena za bandarini zipande reli ya SGR, hadi agizo hilo lilipoondolewa mwaka 2022, niliona malori yamelala Mombasa hayana kazi, na tajiri na dereva wakilia pamoja. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, madereva waliogopwa njia nzima kama kwamba wao ndio ugonjwa, wakangoja mipakani siku nyingi bila mahali pengine pa kulaza ubavu ila ndani ya kebini. Wakati huo kitanda kile kilikuwa rehema. Lakini rehema ya siku ya dhiki isigeuzwe kuwa desturi ya siku zote.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanahitajiwa. Kwanza, sheria zetu, ambazo zimekwisha taja saa za dereva, zitaje na kitanda chake kwa kipimo kama walivyofanya Wamarekani, na gari la masafa marefu lisilo nacho lisipewe kazi hiyo. Pili, hapa Machakos na kila kituo kikubwa cha njia hii pawe na uwanja wenye ua, mlinzi, choo, maji na mahali pa kuswalia, dereva alipie kidogo alale bila hofu. Tatu, na hili halingoji serikali, tajiri akiandika mkataba aandike pumziko ndani yake: usiku simu izimwe, na baada ya safari dereva apite kwake. Taniboi naye asisahauliwe. Yeye pia ni mtoto wa mtu.

Nilirudi Mombasa kwa basi la mchana. Dada yangu alikuwa amekwisha teleka chai kabla sijavua viatu, na mpwa wangu akaja jioni. Nikawaambia: "Nilisema ashike Mercedes. Nilisema kabla sijalala." Actros ile ni gari bora kuliko Scania ile; sakafu yake ni bora, paa lake ni bora, na kama ningekuwa nanunua gari ningenunua hiyo. Lakini mpwa wangu hanunui gari, anachagua maisha. Nikamshauri aende kwa tajiri wa Scania, aulize maneno matatu kabla ya kuuliza mshahara: saa ngapi, loji ya nani, na nyumbani lini. Akijibiwa vizuri, alichukue gari la paa la chini, anunue godoro jipya na pazia zito, na mkeka wa kuswalia nje. Akijibiwa vibaya, nundu na sakafu bapa ni sawasawa tu.

Mpwa wangu alitabasamu. "Mjomba," alisema, "nilikwisha yauliza. Nilitaka tu mama ayasikie kwako."

Mama yake hakusema kitu. Alinyanyuka akaenda chumbani, na tukamsikia akitoa blanketi sandukuni.